Nani Atalipa Mvua Ikikosekana?

Katika mijadala ya tabianchi kuna bei moja inayotajwa mara kwa mara, na hatari yake ni kwamba inavutia. Watafiti wa Marekani wamekokotoa kuwa kuipoza dunia kwa nyuzi joto 1 ya Selsiasi, kwa kupuliza salfa juu angani ili izuie sehemu ndogo ya mwanga wa jua, kungegharimu kiasi cha dola bilioni 18 kwa mwaka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2023, nalo lilitaja makumi ya mabilioni. Ni fedha nyingi kwa Dodoma au Nairobi. Kwa Washington, ambako bajeti ya ulinzi peke yake inazidi dola bilioni 800 kwa mwaka, ni fedha za kawaida, na hata matajiri wachache wakichangishana wanaweza kuanza. Hesabu hiyo imejumlisha ndege, mafuta, marubani na salfa, basi. Haikujumlisha mvua itakayohama, fidia ya atakayekosa mavuno, wala kifungo cha miaka mingi ambacho ulimwengu utakuwa umejifunga. Gharama hizo ndizo kubwa, na zimeachwa nje kwa sababu watakaozilipa si wale wanaopiga hesabu.

Mbinu yenyewe, iliyo maarufu kuliko nyingine zote za uhandisi wa tabianchi, imeigwa kutoka kwenye volkano. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, ulirusha takriban tani milioni 15 za gesi ya salfa dayoksaidi hadi tabaka la stratosfia, juu kabisa ya mawingu ya mvua. Huko gesi iligeuka chembechembe zinazorudisha mwanga wa jua, na wastani wa joto duniani ukashuka kwa karibu nusu nyuzi mwaka uliofuata. Mwaka 2006 Paul Crutzen, mwanakemia wa Uholanzi aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa tabaka la ozoni, aliandika makala akitaka wazo la kuiga volkano lichunguzwe kwa dhati, kwa kuwa hakuona dalili kwamba viongozi watapunguza hewa ukaa kwa kasi inayotakiwa. Tangu hapo wazo limetoka pembeni likakaa mezani. Makadirio ya mwaka 2018 yanasema zitahitajika ndege za aina mpya: za abiria huruka kilomita 10 hadi 12 kutoka usawa wa bahari, hizi zitapaswa kupanda na mzigo mzito hadi kilomita 20. Zingeanza na safari 4,000 hivi mwaka wa kwanza, zikafika 60,000 mwaka wa kumi na tano. Na chembechembe hizo hazikai juu zaidi ya mwaka mmoja au miwili kabla ya kuanguka, kwa hiyo kazi hii haina siku ya kukamilika.

Wanaoipigia debe hupenda kuutaja ubaridi wa mwaka 1992, na husahau kutaja mvua. Wanasayansi Kevin Trenberth na Aiguo Dai walipitia takwimu za mvua na za mito ya dunia, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2007 walionyesha kwamba kwa miezi kumi na miwili kuanzia Oktoba 1991 mvua juu ya nchi kavu ilipungua sana, na maji yanayomiminwa na mito baharini yakashuka kuliko ilivyopata kuonekana katika rekodi walizokuwa nazo. Sababu haina uchawi. Jua likififia, maji yanayopanda kama mvuke hupungua, na kisichopanda hakiwezi kushuka. Kibaya zaidi ni pale upande mmoja wa dunia unapopozwa kuliko mwingine. Utafiti wa wanasayansi wa Uingereza wa mwaka 2013 uligundua kwamba kati ya miaka minne mikavu kupita yote katika Saheli tangu 1900 hadi 2010, mitatu ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya volkano upande wa kaskazini wa dunia, ikiwemo ule wa El Chichón, Meksiko, mwaka 1982. Kaskazini ikipoa, ukanda wa mvua hurudi kusini, na Saheli hubaki mikono mitupu. Karne mbili nyuma, volkano ya Laki huko Iceland ilitoa moshi kwa miezi minane kuanzia Juni 1783. Mafuriko ya Nile yakawa hafifu, na Misri ikaingia kwenye njaa.

Ukanda huo wa mvua ndio unaopita juu yetu mara mbili kwa mwaka, ukituletea masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mkulima wa Same au Kitui akishatia mbegu ya mahindi ardhini baada ya mvua za kwanza, wiki mbili au tatu za jua kali zinamtosha kuipoteza, na mara nyingi hana nyingine ya kurudishia. Jumla ya milimita za msimu inaweza kuonekana nzuri kwenye jedwali la mtaalamu, huku yeye amekosa hata gunia moja kwa sababu mvua ilichelewa kurudi. Kwake wastani wa joto la dunia hausemi lolote. Ndiyo maana hotuba zinazoahidi kwamba joto "litarudishwa lilipokuwa" hazinishawishi: hakuna anayeahidi kwamba mvua nayo itarudi ilipokuwa, tarehe zile zile, bonde kwa bonde.

Tuseme ndege zimeanza kazi na vuli imekosekana miaka miwili mfululizo. Nani atathibitisha kwamba ni salfa ya taifa fulani? Msimu wa 1991/92, miezi michache tu baada ya Pinatubo, kusini mwa Afrika kulikumbwa na ukame mmojawapo mbaya kupita wote wa karne ya 20. Lakini El Niño nayo ilikuwepo, na kuzitenganisha sababu hizo mbili kwa uhakika ambao mahakama ingeukubali ni kazi ngumu mno. Ushahidi wenyewe unahitaji vifaa, na Afrika nzima ina rada za hali ya hewa zipatazo 37, ilhali Ulaya na Amerika Kaskazini zina mamia. Mfano wa kulipwa fidia, au tuseme wa kutolipwa, tunao. Wanasayansi wengi wanakubaliana kwamba moshi wa salfa kutoka viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini ulichangia ukame mkubwa wa Saheli wa miaka ya 1970 na 1980. Hakuna aliyelipa. Hata kwa madhara ambayo chanzo chake hakibishaniwi, nchi tajiri ziliahidi mwaka 2009 kutoa dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, zikafikia kiasi hicho mwaka 2022. Na mfuko wa hasara na uharibifu ulipozinduliwa Dubai mwaka 2023, ahadi za mwanzo zilikuwa takriban dola milioni 700 kwa nchi zote maskini za dunia. Katika kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA mwanachama hamdhamini mwenzake kabla ya kujua anakopa kiasi gani na kwa kazi gani. Sisi tunawekwa wadhamini wa mkopo ambao hatukusomewa masharti yake.

Kifungo nilichokitaja nacho kinatisha. Hewa ukaa hubaki angani kwa karne nyingi, salfa mwaka mmoja au miwili. Salfa ikitumika kuficha joto kwa miaka hamsini huku hewa ukaa ikiendelea kurundikana, kisha ndege zikasimama kwa vita, mdororo wa uchumi au uchaguzi, joto lote lililofichwa litajitokeza ndani ya mwongo mmoja au miwili, kwa kasi ambayo mimea na wanyama wengi hawataiweza. Wapo wanaosema hakuna serikali yenye akili itakayoacha kazi hiyo ghafla. Marekani ilijitoa kwenye Mkataba wa Paris mwaka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 rais wake akasaini amri ya kujitoa tena. Shughuli inayodai uaminifu wa karne nzima haiwezi kukabidhiwa siasa inayogeuka kila miaka minne. Bahari haitasubiri pia: takriban robo ya hewa ukaa tunayotoa humezwa na maji yake na kuyafanya yawe na tindikali zaidi, na salfa ya angani haigusi tatizo hilo. Matumbawe ya Mafia na Watamu yangepata nafuu ya joto kwa muda, huku maji yanayoyajenga yakiendelea kuharibika.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni kwamba joto lenyewe tayari linaua, na wanaokufa ni wale wale ninaowatetea. Ni kweli. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa wastani wa joto kupita nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo, na wachunguzi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wake angalau mara 100. Tena watafiti wa Kiafrika wenyewe, wakiongozwa na Romaric Odoulami wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walichapisha mwaka 2020 matokeo yanayoonyesha kwamba salfa ingeweza kupunguza kwa hadi asilimia 90 uwezekano wa ukame kama ule ulioiacha Cape Town ikinusurika kidogo tu kufunga mabomba yake. Utafiti huo ni wa kuheshimiwa, na sitaki kuufifisha. Ila unahusu kona moja ya bara, na ndani ya kompyuta ambamo salfa inarushwa kwa mpangilio mzuri, na mwendeshaji mmoja mtulivu, kwa miongo mingi bila kukatika. Mifano ya kompyuta ya namna hiyo hiyo imeonyesha mabonde mengine ya Afrika yakipoteza mvua kuliko ambavyo yangepoteza kwa joto. Utafiti wa malaria wa mwaka 2022 nao ulionyesha hatari ikihamishwa kutoka eneo moja hadi jingine, na katika hali ya uchafuzi mkubwa watu wapatao bilioni moja zaidi wakiingia kwenye hatari. Cape Town ikipona na bonde jingine likakauka, kuna mtu atakuwa amechagua. Hilo ndilo linalotofautisha uhandisi huu na ukame tunaoujua: nyuma yake pana mkono wenye ratiba ya ndege. Wala si kweli kwamba tumebakiwa na njia mbili tu, joto au salfa. Njia ya tatu ni kuacha kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na inajulikana vizuri. Afrika inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Anayetakiwa kupunguza anajulikana, na kila dola inayomwonyesha njia ya kukwepa inampa sababu ya kuchelewa.

Wengine husema: basi tufanye utafiti tu, utafiti haumdhuru mtu. Kwa kompyuta, sawa, na vyuo vyetu vifanye zaidi ili tusitegemee tafsiri za wengine. Utafiti wa angani ni jambo jingine. Chuo Kikuu cha Harvard kilipopanga kurusha puto huko Kiruna, Uswidi, mwaka 2021, Baraza la Wasami, wenyeji asilia wa kaskazini mwa Skandinavia, lilipinga kwa kuwa halikuulizwa, na mradi mzima ukafungwa Machi 2024. Kampuni ndogo ya Make Sunsets haikuuliza mtu yeyote: ilirusha maputo ya salfa huko Meksiko mwaka 2022, na Januari 2023 serikali ya nchi hiyo ikatangaza kwamba itapiga marufuku majaribio hayo. Mwaka 2025 kampuni ya Stardust, inayotengeneza teknolojia ya kuzuia mwanga wa jua, ilitangaza kukusanya dola milioni 60 kutoka kwa wawekezaji. Mwekezaji haweki fedha ili aambiwe bidhaa isiuzwe. Anataka siku moja serikali inunue, na siku hiyo swali la iwapo jambo hili lifanyike litakuwa limeshapitwa na swali la nani apewe zabuni.

Uamuzi wa kulizuia au kuliachia jambo hilo unazungumzwa karibu na sisi kuliko wengi wanavyodhani. Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa hukutana Gigiri, Nairobi. Mwaka 2019 Uswisi ilipeleka pendekezo la kuchunguza teknolojia hizi, likakwama kwa upinzani wa Marekani na Saudi Arabia. Mwaka 2024 Uswisi ilirudi na pendekezo jingine, na safari hii nchi za Afrika ndizo zilizosimama imara zikitaka lugha ya kutotumia kabisa; pendekezo likaondolewa. Zilikuwa na msingi: Agosti 2023, huko Addis Ababa, mawaziri wa mazingira wa Afrika waliazimia kwamba dunia iwe na utaratibu wa kutotumia mbinu za kuzuia mwanga wa jua. Azimio hilo ni zuri, lakini bado ni azimio. Tanzania na Kenya zinaweza kuligeuza kuwa sheria za nchi: kukataza puto, ndege au chombo chochote kutoa chembechembe za kupoza dunia katika anga zetu, kumlazimu mtafiti wa kigeni kutangaza kazi yake hadharani, na kuzipa mamlaka za hali ya hewa rada na vituo vya kutosha kupima mvua ya kila wilaya kabla ndege ya kwanza haijapaa popote, ili siku tukidai fidia tuwe na rekodi yetu wenyewe ya mvua ilivyokuwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kibali cha nje, na Bunge la Bajeti hukaa kila mwaka.