Sauti Haifidiwi kwa Siku Moja
Watu wazima wenye shughuli nyingi wanaojifunza uimbaji wa jadi wa Hindustani, kutoka India ya Kaskazini, hawapaswi kulimbikiza mazoezi ya wiki nzima Jumapili. Nyuzi za sauti hutetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Zikilazimishwa kwa saa nyingi huweza kuvimba. Kwa mwalimu wa shule, sauti hiyo ndiyo riziki. Afadhali dakika 20 kila siku: kunywa maji, kisha kushikilia noti ya Sa kwa upole, akiifuata tanpura. Aliyezungumza kutwa apumzike bila kujilaumu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, mwalimu wa muziki hawezi kushika nafasi ya daktari, koo lichunguzwe.