Sanduku Si Katiba

Nimechoka na mapolisi wa sanduku. Unawajua. Umenunua sanamu ya vinaili ya kujiunganishia, ile inakuja vipande vipande bila rangi. Ukiamua tu kumpaka Godzilla kijani badala ya kijivu cha kwenye picha, hao mbio: "Umeharibu. Hiyo si orijino."

Orijino gani, buda? Filamu ya kwanza ya Godzilla ilitoka 1954, nyeusi na nyeupe. Hiyo rangi unayoitetea uliiona wapi?

Na hebu kumbuka hizi vitu zilitoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Japani, mashabiki walichoka na sanamu za madukani. Wakaanza kuchonga wenyewe, wakamimina kwenye kalibu, wakauziana. Hata jina la hobi lina neno gereji ndani yake. Kaiyodo, leo jina kubwa, ilianza 1964 kama kaduka ka modeli mkoani Osaka. Yaani hobi iliyozaliwa na watu waliokataa kupangiwa, wewe ndio unaigeuza iwe ya kutii.

Angalia kazi yenyewe. Unaosha vipande kwa sabuni kutoa mafuta ya kalibu, la sivyo rangi itabanduka. Unavitia kwenye maji moto vilainike, unakata mabaki kwa wembe, unaunganisha kwa supaglu. Ndani ni wazi, kwa hivyo miguuni unamimina plasta isije ikainama kukiwa na joto. Mishono unaziba kwa pati, unapiga msasa. Halafu akriliki, kwa sababu rangi ya mafuta inaweza kubaki ikinata kwenye vinaili. Mkono ukiwa bado moto unaupinda vile unataka, unautia maji baridi, unakaa hivyo. Vinaili yenyewe inakubali kubadilishwa. Ni wewe tu umekataa.

"Heshimu mchongaji." Sawa, lakini angetaka neno la mwisho, si angekuuzia ikiwa imeshapakwa? Kumkosea heshima ni kutoa kalibu kwa vipande vyake na kuuza nakala. Huo ni wizi, na hapo niko upande wenu.

"Thamani itashuka." Basi sema wewe ni mfanyabiashara, tutaelewana. Usijiite fundi.

Kinachoniuma zaidi ni kusikia haya Nairobi. Nairobi! Mji ambao chesisi tupu inaingia gereji na kutoka nganya, imechorwa mpaka kwa dari, muziki unatetemesha vioo. Nani alishawahi kusimama steji akauliza kama hiyo mathree ni orijino? Tunangojea ile kali, basi.

Lakini hii kelele yenu ina bei, na anayeilipa ni kijana aliyeweka akiba miezi kadhaa anunue sanamu moja. Mpaka leo iko kwa sanduku. Rangi anayo, wembe anao. Anaogopa tu kuchekwa. Mmemfundisha kwamba kazi ya mikono ni kunakili, na akishaamini hivyo kwa sanamu, ataamini kwa vitu vingine vingi.

Kama ni wewe, fungua hilo sanduku leo. Chemsha maji. Ikitoka vibaya, akriliki inapakwa tena juu yake. Ile picha ni maoni ya mtu mmoja. Na wewe uko na yako.