Spea Orijino Bila Kitabu ni Chuma Tu

Leo naweka programu kando niseme juu ya magari ya zamani. Mtaniwia radhi, ingawa mkisoma mpaka chini mtaona sijatoka nje ya kazi yangu.

Kuna ugonjwa umewashika watu wanaofufua magari ya spoti ya zamani, na jina lake ni "orijino". Kila boliti iwe orijino, kila nembo, hata stika ya chini ya boneti. Mtu analipa pesa ya kununua ploti kwa sababu ya boksi la karatasi lenye maandishi ya Kijapani. Sasa mwulize kama ana kitabu cha mafundi cha hilo gari, kile cha gereji chenye vipimo na michoro. Anakutazama kana kwamba umemwomba cheti cha ndoa ya babu yake. Jamani, tumegeuza mambo juu chini! Anayeandika programu anajua: ukiwa na msimbo chanzo, programu iliyopotea unaiunda upya. Ukiwa na programu bila msimbo, siku ikiharibika umekwisha.

Mjomba wangu ana Datsun 240Z. Wakenya wa rika lake hawahitaji kuelezwa. Ndilo gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashindia 1973 baada ya kufungana na Harry Källström, ambaye naye alikuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Gari lile la 1971 limehifadhiwa na Nissan kule Zama, Japani. La mjomba halijashinda chochote. Lilikaa miaka nyuma ya nyumba likiliwa na kutu chini ya betri na sakafuni, pale pale 240Z zote zinapoliwa.

Mwaka juzi akaamua kulifufua, akaagiza kutoka ng'ambo seti ya kukarabatia kabureta. Boksi safi, orijino kabisa, na bei yake sitaitaja kwa sababu shangazi anaweza kusoma hapa. Fundi akafungua, akajaribu, gasketi hazikukaa. Akajaribu tena. Wakaanza kulaumiana: mjomba anasema fundi hajui kazi, fundi anasema kabureta zimepinda.

Mimi nikatafuta kitabu cha kiwanda kwenye intaneti. Kimeskaniwa ukurasa kwa ukurasa na watu wanaolipenda hilo gari, nikakichapa nikawapelekea. Dakika tano tu. 240Z za kwanza zina kabureta mbili za Hitachi zenye kichwa cha mviringo. Zile za soko la Marekani za 1973 zilibadilishiwa nyingine zenye kichwa bapa, kwa sababu ya sheria za moshi za kule. Seti ya mjomba ilikuwa ya hizo bapa. Spea ilikuwa orijino, ila si ya gari lake!

Yule fundi ana miaka mingi kwenye kazi na hajawahi kushika kitabu cha gari hilo. Alikuwa akitega injini kwa sikio, na ana sikio zuri kweli. Sasa akasoma mwenyewe: nafasi ya valvu injini ikiwa moto ni milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutoa moshi, mpangilio wa kuwaka 1-5-3-6-2-4. Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua karatasi ya gasketi na mkasi, akakata zake mwenyewe kwa kufuata mchoro. Injini ikawaka siku hiyo hiyo.

Basi nikisikia kampuni za magari zinajisifu kwa "kutunza urithi", nashukuru lakini sipigi magoti. Nissan walianza kutoa upya spea za Skyline GT-R R32 mwaka 2017. Toyota wakafuata na za Supra za zamani 2020. Vizuri. Lakini hiyo ni hisani, kampuni ndiyo inachagua gari gani liishi na spea gani itoke. Ukweli huo huo uko Uingereza: British Motor Heritage walianza 1988 kuuza bodi mpya nzima za MGB, gari lililokuwa limeacha kutengenezwa tangu 1980. Waliweza kwa sababu mitambo ya kukunjia mabati ilipatikana haijatupwa. Mtu angekuwa ameiuza kama skrepu, hadithi ingeishia hapo.

Na hayo ndiyo magari rahisi, ambayo siri zake zote zinaenea kwenye kitabu. Tazama McLaren F1. Yalitengenezwa 106 tu, kati ya 1992 na 1998. Mwaka 2016 dunia ikajua kwamba mafundi wa kampuni yenyewe walikuwa bado wanayahudumia kwa laptopu za Compaq LTE 5280 za miaka ya tisini, kwa sababu kuongea na gari kulihitaji kadi maalum iliyotengenezewa laptopu hiyo, na programu ilikuwa ya DOS. Gari la mamilioni ya dola, na roho yake iko kwenye laptopu ambayo pale mtaani ungeuziwa kama mzigo wa plastiki. Wakati huo kampuni ilisema inatengeneza njia mpya. Sawa, hao ni matajiri, watajisaidia. Je, magari ya spoti ya leo, ambayo kompyuta zake zinakataa spea isiyotambulishwa kwa programu ya kiwanda? Nani atakata gasketi ya ufunguo wa siri?

Wataniambia kuna wezi, na kuna usalama. Wezi hawajawahi kungoja kitabu. Na breki iliyofungwa kwa kubahatisha ni hatari kuliko iliyofungwa kwa kipimo. Kuhusu hakimiliki, hata Marekani walilegeza mwaka 2015, wakaruhusu mwenye gari avunje kufuli la programu ili alitengeneze, ingawa ruhusa yenyewe hupitiwa upya kila miaka mitatu. Wapiga kura wa Massachusetts walidai haki ya kutengeneza magari yao 2012, wakarudia 2020 kwa data inayotumwa hewani, na kampuni zikakimbilia mahakamani. Mtu asiye na cha kuficha hakimbilii huko.

Ninachotaka ni kidogo. Siku kampuni inapoacha kutoa spea za gari fulani, ifungue kabati: vitabu, michoro, orodha ya namba za spea, programu ya kupimia na funguo zake. Haiuzi tena, inazuia nini?

Mjomba sasa analiendesha Jumapili, polepole, kama anabeba mayai. Ile seti ya kabureta bapa bado iko kwenye boksi lake. Mwenye 240Z ya Marekani ya 1973 aniambie, nitampa bure, pamoja na nakala ya kitabu.