Magazeti ya Uingereza na Dharau kwa Jasho la Mfanyakazi

Mwezi Aprili 2007 magazeti ya Uingereza yalitangaza kuwa Mwanamfalme William, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Pili, alikuwa ameachana na Kate Middleton, msichana waliyefahamiana tangu walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland. Vijana wawili kuachana si habari ya kumnyima mtu usingizi. Lakini magazeti hayo hayakutosheka na tangazo. Yalijitwika kazi ya kutafuta sababu, na sababu yaliyoitangaza haikuwa tabia ya msichana wala ya mwanamfalme, bali mama wa msichana. Ati mama huyo, Carole Middleton, alipata kuwa mhudumu wa ndege. Ati alionekana akitafuna chingamu katika gwaride la kuhitimu maofisa wa jeshi huko Sandhurst, Desemba 2006. Ati husema "toilet" mahali ambapo wakubwa husema "lavatory", na asiposikia vizuri husema "pardon" mahali ambapo wakubwa husema "what".

Mwalimu yeyote wa Kiingereza wa Afrika Mashariki hana budi kushangaa. Kwa miaka mingi mtoto wa shule huku amefundishwa kwamba asiposikia aseme "pardon", na yule anayetamka "what" mbele ya mkubwa amekaripiwa kuwa hana adabu. Kumbe adabu hiyo iliyoletwa na Waingereza wenyewe, kwa wakubwa wa Kiingereza ni alama ya unyonge! Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1954 Alan Ross, mtaalamu wa isimu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, alichapisha makala katika jarida moja la Finland akionyesha kwamba tabaka la juu la Uingereza halikuwa tena na alama ya wazi ya kulitenga na wengine isipokuwa lugha. Utajiri wengine walikuwa nao, na elimu pia. Mwaka uliofuata mwandishi Nancy Mitford, binti wa lodi, aliieneza hoja hiyo kwa wasomaji wengi, nusu kwa mzaha na nusu kwa dhati, na tangu hapo familia nyingi za Kiingereza zimeishi kwa hofu ya kuumbuliwa na neno moja mezani. Ni kanuni iliyotungwa ili mgeni asiweze kuijua. Akijifunza adabu, adabu yenyewe humsaliti.

Hata hivyo chingamu na maneno ya chooni ni upuuzi mtupu ukilinganisha na kejeli iliyokuwa kubwa kuliko zote. Iliandikwa kwamba marafiki wa mwanamfalme, wakimwona Kate akiingia, walinong'onezana "doors to manual", yaani amri itolewayo katika ndege iliyokwisha tua. Yafaa amri hiyo ieleweke, maana waliokuwa wakicheka pengine hawakuielewa. Ndege inapokuwa safarini, milango yake hutegwa kwa namna ambayo ikifunguliwa, mtelezo wa mpira wa kuokolea abiria hufyatuka wenyewe. Ndege ikifika kituoni, mkuu wa wahudumu huwaamuru wenzake waitegue milango hiyo, la sivyo mtelezo unaweza kumfyatukia mtu na kumjeruhi vibaya. Kwa hiyo maneno yaliyogeuzwa kuwa mzaha wa mabwanyenye ni maneno ya ulinzi wa maisha ya watu. Mabwanyenye hao hao hupanda ndege, na hukabidhi roho zao mikononi mwa wahudumu hao. Ila wakishuka, kazi iliyowafikisha salama huwa tusi, na tusi hilo hurithishwa kwa binti wa aliyeifanya.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukoo wa bibi mzaa mama wa msichana huyo, kina Harrison, ulitoka katika jimbo la Durham, kaskazini-mashariki ya Uingereza, nao walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Magazeti yaliifukua habari hiyo kwa furaha, mithili ya mtu aliyekuta doa katika nguo ya jirani. Yaliyokuwa tayari kutaja upande wa pili wa hesabu hiyo hayakuwa mengi. Mama yake Malkia Elizabeth wa Pili alizaliwa katika ukoo wa Bowes-Lyon. Kina Bowes walikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa migodi ya makaa ya mawe ya jimbo lilo hilo la Durham, na mwaka 1767 utajiri huo uliingia katika ukoo wa kilodi wa Strathmore kwa njia ya ndoa. Basi mwanamfalme ana damu ya waliomiliki makaa, na mchumba wake ana damu ya waliochimba makaa. Ni nani kati yao alistahili kuulizwa asili yake? Magazeti yalimwuliza mjukuu wa mchimbaji. Aliyechimba kwa sururu, akavuta vumbi hadi kifua kikaharibika, ndiye anayeachia kizazi chake aibu; aliyekaa juu na kupokea faida amewaachia wajukuu wake heshima.

Magazeti yatajitetea kwamba kazi yao ni kutoa habari, na kwamba dharau ilikuwa ya watu wa ikulu, si yao. Utetezi huu ni dhaifu. Kejeli hizo zilinasibishwa na "marafiki" na "watu walio karibu na ikulu" wasiotajwa majina. Gazeti lilizichapa ukurasa wa mbele, likazilaani katika ukurasa wa maoni, kisha likawauzia wasomaji orodha ya maneno yafaayo na yasiyofaa ili kila mmoja ajipime nyumbani kwake. Hivyo senti ilipatikana katika matusi, na nyingine katika kuyalaani matusi. Na waandishi wenyewe ni akina nani? Mwaka 2006 taasisi ya Sutton Trust ilichunguza waandishi 100 mashuhuri wa Uingereza na kukuta kwamba asilimia 54 walisoma katika shule za binafsi za kulipia, ilhali watoto wasomao katika shule hizo hawazidi asilimia 7 ya watoto wote. Hao ndio waliojifanya wasimulizi tu wa dharau ya wengine.

Tena ni hao waliotaka kutoa somo la adabu! Januari 2007, miezi mitatu tu kabla ya hekaya za chingamu, mhariri wa habari za ukoo wa kifalme wa gazeti la News of the World, Clive Goodman, alihukumiwa kifungo cha miezi minne kwa kudukua ujumbe wa simu za watumishi wa ikulu. Mwaka 2014 alikiri mahakamani kwamba simu ya Kate Middleton peke yake aliidukua mara 155. Mwezi huo huo wa Januari wapiga picha walikuwa wamejazana mlangoni pa msichana huyo alipotimiza miaka 25, na muda mfupi baadaye gazeti la Daily Mirror lililazimika kuomba radhi kwa picha iliyompiga akienda kazini. Mama aliyetafuna chingamu hadharani aliitwa mshamba. Waliosikiliza siri za watu gizani waliitwa waandishi wa habari.

Wapo watakaouliza: je, mtetezi wa wakulima na wafanyakazi ana haja gani ya kumlilia binti wa matajiri? Swali ni la haki. Wazazi wa Catherine si makabwela. Walianzisha kampuni ya kuuza vifaa vya sherehe mwaka 1987, wakapata fedha, wakampeleka binti yao Marlborough, mojawapo ya shule za gharama kubwa nchini mwao. Hakuna anayetakiwa kutoa chozi kwa ajili yake. Lakini waliotukanwa katika kisa hiki si yeye tu. Kila mhudumu wa ndege, kila fundi seremala na kila mchimba migodi aliyefungua gazeti asubuhi ile aliona kazi yake ikitumiwa kama neno la fedheha.

Mbaya zaidi ni dawa iliyotolewa baadaye. Mwanamfalme alimposa Catherine nchini Kenya Oktoba 2010, uchumba ukatangazwa tarehe 16 Novemba, na ndoa ikafungwa tarehe 29 Aprili 2011. Ghafla magazeti yale yale yakageuza wimbo. Mchimba makaa wa Durham aliyekuwa aibu sasa akawa pambo: ati tazameni, kitukuu cha wachimba migodi atakuwa malkia, basi matabaka yamekwisha Uingereza. Mtu mmoja kupandishwa ngazi si kuivunja ngazi. Siku ya arusi ile, migodi ya makaa chini ya ardhi ya Durham ilikuwa imekwisha fungwa yote. Ule wa Easington, mmoja wa ya mwisho, ulifungwa mwaka 1993, na wajukuu wa wachimbaji wengine hawakualikwa Westminster Abbey wala hawakuandikiwa makala.

Mei 2023, Catherine akiwa amekwisha kuwa Binti Mfalme wa Wales, kampuni ya wazazi wake ilifilisika na kuuzwa, ikiwa na deni la zaidi ya pauni milioni 2. Hapo palikuwa na hoja ya kuandikwa, tena kwa ukali: nani atawalipa wenye biashara ndogo waliokopesha bidhaa na huduma zao? Swali hilo linahusu vitabu vya hesabu, na lingepaswa kuulizwa vile vile kama mwenye kampuni angekuwa lodi wa vizazi kumi.