MAJI YASIYOSEMA NA ULIMI

Hamali wa misafara aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mzigo begani, alikuwa na kipimo kimoja tu cha maji: ulimi wake. Kati ya Mpwapwa na Ugogo aliikuta nyika iliyoitwa Marenga Mkali, na jina lenyewe lilimwonya kuwa maji ya huko ni makali. Alionja, akatema, akaendelea na safari.

Leo tunaye adui asiyeonjeka. Floridi haina rangi wala harufu, na ulimi hauitambui. Hutoka katika miamba ikaingia kisimani. Mtoto anayeinywa kwa wingi miaka mingi, meno yake hugeuka kahawia; ikizidi sana, mifupa hukakamaa na kupinda. Kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja, na Singida na Shinyanga, majirani wa Tabora, wana visima vinavyouvuka.

Sasa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wametumia hila ya bakteria. Kiumbe huyo mdogo anayo swichi katika vinasaba vyake inayotambua floridi. Wameitoa pamoja na viungo vyake vya kazi, wakavikausha ndani ya kichupa. Mwananchi hutia tone la maji na kungoja. Floridi ikizidi, rangi ya manjano hutokea. Majaribio katika kaya za Nakuru, Kenya, yaliyotangazwa mwaka 2023, yalitoa jibu sahihi mara zaidi ya nane katika kila kumi.

Twasema wazi: kipimo kinachokosea hata mara moja katika kumi hakiwezi kuwa hakimu. Kazi yake ni kupiga mbiu, na maabara ithibitishe. Lakini mbiu hiyo mwanakijiji anaweza kuipiga mwenyewe, bila kungoja gari kutoka mjini.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yafanyike. Kwanza, RUWASA isifunge pampu kisimani kabla floridi haijapimwa, na majibu yabandikwe hadharani. Pili, vyuo vyetu vijifunze kutengeneza vichupa hivi, tusije tukawa wanunuzi daima. Tatu, kisima kibaya kikigunduliwa, chanzo kingine kitafutwe mara moja. Kumwambia mama kuwa maji yake yana sumu, kisha kumwacha na ndoo ile ile, ni dhuluma.

Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, nasi twashukuru. Lakini bomba halijafika kila kitongoji. Mwaka 1958, hapo hapo Tabora, TANU ilionyesha kuwa uamuzi wa busara ni ule unaotazama mbali. Wanachama, ulizeni katika matawi yenu: kisima chetu kimepimwa lini? Hamali aliweza kutema. Mtoto wa Uyui hawezi kutema asichokionja.