Ligi Kuu irudi Sumbawanga kwa ratiba, si kwa dharura

Mashabiki wa Chanji na Sumbawanga nzima hawajasahau Oktoba 22, 2020. Siku hiyo Simba, bingwa mtetezi, aliingia Uwanja wa Nelson Mandela akatoka amelala bao 1-0 mbele ya Tanzania Prisons, mfungaji Samson Mbangula. Msimu huo maafande wa Mbeya waliufanya uwanja huo kuwa wa nyumbani, na Rukwa ikaiona Ligi Kuu kwa macho, si kwa redio. Baadaye wakarudi zao Sokoine.

Kuhama si kosa. Tatizo ni kwamba timu nyingi nchini huhama kwa dharura: uwanja umefungiwa, barua inatoka wiki hii, mechi wiki ijayo, na shabiki aliyeshalipa nauli anaambiwa mechi imehamishwa.

Wenye mbio za farasi kule New York, Marekani, hili walishalimaliza. Viwanja vyao vitatu, Aqueduct, Belmont na Saratoga, vinaendeshwa na chama kimoja, NYRA, na hicho ndicho kinachogawa siku. Saratoga, mji mdogo ulio karibu kilometa 300 kutoka jijini, hupewa wiki za kiangazi, na viwanja vya jijini haviingilii. Farasi ni walewale, hupakiwa kwenye malori wakaifuata ratiba. Belmont ilipobomolewa ijengwe upya, mbio zake kubwa zilikimbiwa Saratoga mwaka 2024 na 2025, na watu walijua mapema.

Mbeya hadi Sumbawanga kwa njia ya Tunduma nako ni zaidi ya kilometa 300, na lami ipo. Kinachokosekana ni mshika kalenda mmoja. Sokoine ni mali ya CCM, Bodi ya Ligi inapanga ratiba, TFF inakagua, klabu inalipa mafuta ya basi. Kila mtu na ufunguo wake.

Bodi iwaite wamiliki wa viwanja na klabu za Mbeya kabla ya msimu. Zitengwe mechi nne au tano za Sumbawanga, zitoke na ratiba ya kwanza kabisa. Zisipangwe Januari wala Februari, mvua ya Ufipa inajulikana. Na isiwe mechi za kujaza nafasi tu. Simba au Yanga mmoja apande huko.

Klabu zitasema zinapoteza mapato ya mlangoni Mbeya, na wageni watalalamikia safari. Hoja hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana mkoa unaotaka mechi ubebe malazi ya timu zote mbili, badala ya kupiga makofi tu.

Uongozi wa Nelson Mandela nao usisubiri barua. Nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo na vyoo vya mashabiki vianze kushughulikiwa sasa, kabla mkaguzi wa TFF hajapanda Ufipa.