Mbunge Wetu Alipiga Kura Gani?

Nina swali lililonikwama kooni kama mwiba wa samaki tangu Juni 2024. Leo nalitema.

Jioni ya Jumanne, tarehe 25 mwezi huo, nilikuwa na adeer katika hoteli ya chai hapa Waberi. Redio ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Habari ilikuwa moja tu: vijana wameingia Bunge, moshi, risasi. Nikauliza, "Adeer, mbunge wetu alipiga kura gani?"

Adeer akacheka. "Wewe mtoto, hayo si mambo ya Nairobi?"

Lakini wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema ndiyo, wa pili akasema la, wa tatu akaapa ati mheshimiwa hakuwa Bungeni. Hoteli nzima, na hakuna aliyejua!

Sasa tuulizane, kweli hayo yalikuwa ya Nairobi pekee? Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kuongeza mapato ya serikali kwa takriban shilingi bilioni 346. Mkate ungetozwa ushuru wa asilimia 16, na kila gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Hayo mawili yaliondolewa tarehe 18 Juni baada ya kelele za wananchi. Kwani sisi huku hatunywi chai kwa mkate? Maziwa ya ngamia anayouza mama yangu hayafiki sokoni kwa gari?

Siku ile wabunge 195 walisema ndiyo na 106 wakasema la. Bunge la Taifa lina viti 349. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji: zaidi ya 40 hawamo upande wowote. Walikuwa wapi? Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi. Mswada ulikufa, lakini pia watu walikufa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka ule. Swala zito namna hiyo, halafu mpiga kura hajui mjumbe wake alisimama wapi!

Kwa maoni yangu, vyombo vya habari vina sifa na lawama. Sifa ni kwamba viliionyesha nchi yaliyotendeka. Wazee wa mkoa huu wanaijua thamani ya jambo hilo. Mwaka 1984 watu waliuawa Wagalla, Wajir, na Wakenya wengi walikaa miaka bila kuijua habari yenyewe. Giza ni rafiki wa dhuluma. Ndiyo maana niliudhika tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoamuru stesheni ziache kutangaza maandamano moja kwa moja, na mitambo ya NTV, KTN na Citizen ikazimwa. Heri Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo.

Lawama nayo ni hii: moshi hutangazwa mchana kutwa, lakini majina ya waliopiga kura husomwa mara moja, kama yanasomwa kabisa. Mbunge akileta basari, tutasikia wiki nzima. Akipiga kura juu ya mfuko wa mama yako, kimya!

Msinielewe vibaya. Kusema ndiyo si dhambi. Kaunti yetu hutegemea sana pesa kutoka Hazina ya Taifa, na huenda mbunge aliona bila ushuru hakuna barabara wala walimu. Vyema. Basi aje atueleze hivyo uso kwa uso, nasi tumpime. Aliyesema la naye aeleze pesa zingetoka wapi. Na asiyekuwapo aseme alikuwa wapi.

Lakini na sisi tusilaumu redio tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bunge huandika yanayosemwa na kuamuliwa humo katika Hansard, na Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Garissa ina maeneo bunge sita: Garissa Mjini, Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi na Ijara, pamoja na mwakilishi wa wanawake. Hao ni watu saba tu! Napendekeza chama chetu kitafute kura zao kila mswada wa fedha unapopita, tuzibandike ubaoni hapa shuleni, halafu kila mmoja azipeleke nyumbani kwa lugha anayoielewa ayeeyo wake.

Wengi wetu tutapiga kura karibuni. Siku mheshimiwa atakapokuja kutuomba, tusimuulize ametuletea nini pekee. Tumuulize alisema nini jina lake lilipoitwa.

Adeer, nawe ukilisoma jarida hili, chai nitalipa mimi. Jibu ulilete wewe.